Wa Kuitikia Pakawa

Katika sanduku langu la mninga, chini ya kanga za marehemu mama na vyeti ambavyo hapana tena mtu wa kuviulizia, mna daftari moja la mistari, lenye jalada lililopauka na kingo zilizotafunwa na mende, ambalo si langu wala sikupewa na mwenyewe, bali lilisahauliwa ndani ya kabati la darasa mwishoni mwa mwaka 1979, mwaka wangu wa kwanza wa ualimu, nami nikalichukua pamoja na vitabu vyangu siku nilipohamishwa, nisitambue kwamba nilikuwa nimechukua deni.

Mwenyewe alikuwa mtoto wa mvuvi, mwanafunzi wa darasa la tano katika kijiji kimoja cha pwani, kusini ya mji wa Tanga. Niliwapa insha, “Siku Nisiyoisahau”. Wenzake waliandika juu ya Idi, nguo mpya na wali wa nazi, kwa maneno ambayo tulikwisha kuyapanga pamoja ubaoni. Yeye aliandika ukurasa mmoja na nusu juu ya usiku ambao ngalawa ya baba yake ilichelewa kurudi, mama akasimama ufukoni na kandili mpaka utambi ukaanza kunuka kwa kukosa mafuta, na kila apitaye akimwambia “Inshallah watarudi” pasipo kusimama. Alipofika mahali pa kuieleza bahari, aliandika: bahari ilinuna. Neno hilo nililipiga mstari kwa wino mwekundu, na pambizoni nikaandika, kwa ule mwandiko mzuri niliofundishwa chuoni, “Bahari hainuni. Andika: bahari ilichafuka.” Nikampa alama sita katika kumi.

Sahihisho lile lilikuwa na kila hoja ya kulitetea, na hilo ndilo lililonipoteza kwa muda mrefu. Bahari huchafuka, ndivyo wasemavyo wavuvi wenyewe, na kamusi ingesimama upande wangu mbele ya kadhi yeyote wa lugha. Lakini ilinichukua zaidi ya miaka ishirini, na kulisoma daftari lile mara nisizoweza kuzihesabu, nipate kufahamu kwamba mtoto yule hakusema popote kuwa usiku ule palikuwa na mawimbi. Pengine maji yalikuwa shwari kama maji ya mtungini. Alichokiona, amesimama kando ya mama yake na kandili inafifia, ni kitu kikubwa kilichokuwa kinajua habari ya baba yake na kikakataa kuisema. Na katika lugha yetu mwenye kukaa kimya namna hiyo hana kitenzi kingine: amenuna. Mimi sikumsahihisha kosa la lugha. Nilimwondolea shahada ya alichokiona kwa macho yake, nikaweka badala yake dhoruba ambayo haikutokea.

Zipo insha nyingine saba baada ya ile. Zote ni safi. Zinazungumza juu ya umuhimu wa mifugo, juu ya mvua za masika na juu ya Idi, nguo mpya na wali wa nazi, na mimi nimezipa nane, nane, tisa, nane. Hamna kosa ndani yake, wala hamna mtu.

Aghalabu watu huniuliza nilivyopata kuwa mwandishi wa vitabu vya watoto, na huuliza kwa taadhima, wakitaraji kusikia habari ya ilhamu iliyonishukia usiku au ya kipawa kilichojidhihirisha tangu utotoni. Sina habari hiyo. Ninalo daftari lile, na ninaye bibi yangu mzaa mama, ambaye hakujua kusoma herufi za Kizungu na aliyekuwa amekwisha kufariki nilipoanza kuielewa kazi aliyoifanya kila usiku baada ya swala ya isha, ameketi juu ya mkeka, anasuka ukili, nasi wajukuu tumemzunguka.

“Paukwa!” alikuwa akisema, nasi tukiitikia, “Pakawa!” Wanazuoni na waseme watakavyo juu ya asili ya maneno mawili hayo, mimi ninaijua kazi yake. Itikio likiwa hafifu, au mmoja wetu akiwa amegeukia pembeni kumfinya mwenzake, Bibi hakukemea wala hakuendelea: aliinamisha kichwa, akaurudia ukili wake kana kwamba hakuna neno lililokuwa linataka kusemwa, mpaka tukaona haya, tukamwomba aseme tena. “Paukwa, wajukuu zangu.” Na hapo tuliitikia kwa sauti ya kumwamsha jirani. Katika utoto wangu nilidhani kwamba ni mchezo wa kututoa usingizini. Leo ninaamini kwamba Bibi alikuwa akiomba idhini, na kwamba ngano ilikuwa haimo kinywani mwake peke yake, bali imo katikati, baina ya mwenye kutamba na mwenye kuitika, kiasi ambacho pasipo sauti ya pili ile ya kwanza ilikuwa ni mwanamke mzee anayezungumza na ukili.

Kisa tulichokipenda kuliko vyote ni cha kima na papa, ambacho msomaji wa pwani hahitaji kusimuliwa: papa anampakia kima mgongoni ampeleke kwao, na katikati ya bahari anamwambia kuwa huko unatakiwa moyo wake, naye kima anamjibu kuwa moyo ameuacha nyumbani juu ya mkuyu. Edward Steere, mmishonari wa Kiingereza aliyepata baadaye kuwa askofu wa Unguja, alikitia katika kitabu cha ngano alizoziandika kutoka vinywani mwa wasimulizi wa Unguja na kuzichapisha London mwaka 1870. Lakini kisa chenyewe ni kikongwe kuliko kitabu hicho kwa karne nyingi. Bara Hindi husimuliwa, na huko anayembeba kima ni mamba. Kimo katika Kalila wa Dimna ya Waarabu, na humo ni kobe. Kilipoteremka pwani yetu akawa papa. Nani aliyembadilisha? Hakuna jina lililohifadhiwa, nami hupenda kudhani, pasi na ushahidi wowote ila kukaa kwangu na watoto miaka yote hii, kwamba alikuwapo mtoto mmoja barazani, Lamu au Mvita au Pemba, aliyemkatiza msimulizi kwa kuuliza kobe anapataje nguvu za kumbeba kima baharini, na msimulizi, kwa kuwa alikuwa mtu mwenye insafu, akaliona swali kuwa la haki. Ngano zetu zimelainishwa na maswali ya namna hiyo kama vile mchi unavyolainishwa na mkono, naye aliyeuliza hajulikani, na hakuna aliyempa alama.

Ninapofikiri juu ya mtoto na kalamu, fikira yangu haikawii kwenda Siyu, katika kisiwa cha Pate, kwa Mwana Kupona binti Msham, mjane wa Bwana Mataka aliyekuwa sheikh wa mji huo. Mnamo mwaka 1858, akiwa mgonjwa wa maradhi yaliyomfisha baada ya muda mfupi, alimtungia bintiye, Mwana Hashima, utenzi wa wasia ambao hata leo wako wanawake wa visiwa vile wenye kuuhifadhi kwa moyo. Wengi wameushughulikia kwa sababu ya nasaha zake juu ya mke na mume, na wako wa zama zetu wanaozikataa nasaha hizo. Sikusudii kuingia katika mjadala huo. Ninalolikazia macho ni jambo dogo lililo mwanzoni, ambalo nimelipita mara nyingi kabla ya kuliona. Ni desturi ya watunzi wa tenzi kuitisha wino na karatasi kabla ya kuanza. Lakini hapa anayeambiwa asogee karibu na kuvishika ni binti mwenyewe. Mama ana jambo moyoni, na anapenda kulisema, na kalamu ameitia mkononi mwa mtoto.

Sijui utungo mwingine wa kale wenye picha iliyonitikisa zaidi ya hiyo. Tumezoea kuwaza kwamba mwandishi wa watoto ni mtu mzima aliyeketi upande huu wa meza, naye mtoto yuko upande wa pili anangoja kupewa. Na tazama, katika mojawapo ya tungo zetu za awali alizotungiwa mtoto, mtoto ndiye katibu, ananusa wino, anasikia pumzi ya mgonjwa baina ya mshororo na mshororo, na pengine, Mungu ndiye ajuaye, anamwomba mama arudie neno alilolikosa. Katika picha hiyo Mwana Hashima hasomeshwi utenzi, anauandika.

Na karibu na kwetu, katika kijiji cha Vibambani kilicho mwendo mfupi kutoka mji wa Tanga, alizaliwa mwaka 1909 Shaaban Robert, ambaye sifa ya Kusadikika na vitabu vyake vingine imetusahaulisha kwamba alikuwa karani aliyefiwa na mke akaachiwa watoto wadogo, na kwamba katika Maisha Yangu amezitia tenzi mbili, mmoja alioutunga kwa ajili ya binti yake na mwingine kwa ajili ya mwanawe. Nilipokuwa mwalimu kijana nilizifundisha kama hazina ya maadili. Siku hizi nikizisoma namwona baba mpweke usiku, mwenye watoto wawili waliolala, anayetafuta namna ya kuwa na mama yao tena ndani ya nyumba. Hakuwaandikia “watoto wa taifa”. Alikuwa na wawili, anawajua majina yao, na kwa kuwa aliwaelekea hao kwa dhati maneno yakawafikia na wengine.

Vitabu vya hadithi vya shule zetu katika miaka ya ukoloni vilikuwa kwa sehemu kubwa tafsiri: Kisiwa chenye Hazina, Safari za Gulliver, na mwaka 1940 Elisi katika Nchi ya Ajabu, ambacho mchoraji wake alimfanya Elisi kuwa mtoto wa Kiafrika. Sina neno baya juu ya tafsiri hizo. Mtoto ana haki ya kwenda mbali. Ila asafiriye daima kwa ngalawa ya mwenzake hufikia kuamini kwamba kwao hakuna bandari.

Hivyo nilipoketi kuandika, nikiwa na umri wa miaka arobaini na ushei, nilidhani ninayajua yote yapasayo. Muswada wangu wa kwanza uliitwa Zuhura Mtiifu, na Zuhura alikuwa mtiifu tangu mstari wa kwanza hata wa mwisho: anaamka kabla ya adhana, anachota maji, anafagia, anaokota pochi njiani na kuirudisha kwa mwenyewe, anasifiwa na mjumbe wa nyumba kumi. Niliwasomea watoto wa mtaani kwetu barazani, na walisikiliza kwa adabu, mikono mapajani, kama wasikilizavyo hotuba. Nilipomaliza, binti mmoja wa miaka kama minane, ambaye alikuwa akichezea kidonda cha goti wakati wote, aliinua uso akaniuliza: “Bibi, kwani huyo Zuhura hajawahi kulamba sukari?”

Nilitaka kumjibu kwamba hiyo siyo hadithi ya sukari. Jibu lilikuwa limekwisha kufika ulimini, na limevaa wino mwekundu. Sijui ni rehema gani iliyonizuia. Nikamwuliza yeye: “Akilamba itakuwaje?” Akasema, pasipo kufikiri, kwamba sisimizi watamfuata mpaka kitandani, na mama yake atajua kwa kuwaona sisimizi. Wenzake wakaingilia. Mmoja akasema Zuhura awaambie sisimizi uwongo. Mwingine akasema sisimizi hawadanganyiki, wana pua. Tulikaa pale mpaka mwadhini alipoita magharibi, na kitabu kilichotoka baada ya miaka miwili hakina pochi wala mjumbe. Kina sukari guru, foleni ya sisimizi na mtoto anayetafuta pa kulala.

Sitaki kuifanya kazi hii ionekane nyepesi. Karatasi kubwa ya mtambo wa chapa hukunjwa, na kila ikikunjwa kurasa huongezeka maradufu, ndiyo maana vitabu vya watoto wadogo aghalabu vina kurasa 16 au 32 na si 19 wala 27; mwandishi mgeni huliona jambo hili kuwa adha ya mchapishaji, ilhali ni mwalimu mkali kuliko wote nilionao. Nilipojua kwamba mchoraji atachora jamvi na chungu na paka, nilifuta sentensi tano za jamvi na chungu na paka, nikabakisha ile ya harufu ya sukari inayoungua, kwa maana harufu haichoreki. Kila sentensi niliisoma kwa sauti, kisha nikamwomba jirani yangu, mama ambaye husoma kwa kusitasita, aisome naye, kwa sababu ndiye atakayemsomea mwanawe. Palipomwishia pumzi, kosa lilikuwa langu, nikaikata. Na baada ya yote hayo kitabu huingia sokoni ambako mzazi mwenye fedha za kitabu kimoja hununua cha hesabu, wala simlaumu. Lau isingekuwa Mradi wa Vitabu vya Watoto Tanzania ulioanzishwa mwaka 1991, ukashika kazi ya kuwaunga mkono waandishi na wachapishaji wa hapa na kuvifikisha vitabu shuleni, vingi miongoni mwa vitabu ambavyo vijana wa leo wanavikumbuka kwa mapenzi visingepata kutoka katika madroo ya watunzi wake.

Lakini yaliyo moyoni mwangu zaidi, kadiri umri unavyosonga, siyo vitabu vyangu. Kila Jumamosi, baada ya watoto kutoka chuo cha Kurani na kabla ya kutumwa sokoni, huja barazani kwangu wachache, pengine wanne, pengine kumi na wawili, pamoja na vijana wawili watatu wa sekondari ambao hujifanya wamekuja kuwaleta wadogo zao. Huandika. Siwapi kichwa cha habari. Atakaye huandika, asiyetaka huchora, na asiyetaka lolote huketi. Vijana huandika katika simu, kwa ile imla yao ya kuweka x mahali pa s na kuandika xaxa wakimaanisha sasa, jambo ambalo wenzangu wengi wa ualimu huliona kuwa maafa. Nami humwomba kijana anisomee kwa sauti, na asomapo husema sasa kama tusemavyo sote, nikatambua kwamba lugha haijafa, imevaa nguo za nyumbani.

Asije mtu akadhani ninapuuza usanifu. Ngeli ni ngeli, na mwandishi asiyejali viambishi ni kama seremala asiyejali vipimo. Watajifunza, nami nitawafundisha kwa ukali. Muradi wangu ni juu ya lipi litangulie. Mtoto aletapo karatasi yake amesema “Paukwa.” Kabla ya jambo lolote jingine pana neno moja analolingoja, na neno hilo si “hongera”, ambalo watoto hulifahamu upesi kuwa ni njia ya kufunga mazungumzo, wala si “kosa”. Analingoja neno la mtu aliyesikia, mtu ambaye ameingia ndani ya ile hadithi na sasa anataka kujua mlango wa pili uko wapi. Kwa hiyo nimejiwekea sharti: sishiki kalamu mpaka nimeuliza swali moja ambalo jibu lake silijui. Mara nyingi sharti hili ni gumu kuliko kusahihisha, maana kusahihisha huhitaji macho tu, ilhali kuuliza huhitaji niwe nimesoma.

Kwa sababu hiyo pia sitegemei mashindano peke yake, ingawa nayaheshimu na nimeketi katika baadhi yake kama hakimu. Shindano la hadithi za Kiswahili la mwaka 1957 na 1958, lililosimamiwa na East African Literature Bureau, ndilo lililotupa Mzimu wa Watu wa Kale wa Muhammed Said Abdulla, na bila ya hilo huenda tusingemjua mpelelezi wake Bwana Msa na kiko chake. Naam, tuzo hufungua milango. Walakini tuzo humwitikia mmoja, na pengine wawili walio nyuma yake, kisha bahasha zilizobaki hukaa kimya. Na kijana wa miaka kumi na minne aliyepeleka bahasha asijibiwe hasemi moyoni mwake kwamba hakimu alikuwa na kazi nyingi. Husema, bahari imenuna.

Mwaka jana nililitoa daftari lile nikalifungua mezani, nikachukua penseli, na chini ya maneno yangu mekundu nikaandika swali ambalo ningeliandika siku ile lau ningekuwa nimesoma: “Ilinuna mpaka saa ngapi?” Kwa kuwa insha yake haisemi. Inakomea kwa mama na kandili. Ama baba alirudi ama hakurudi, mimi niliyekuwa mwalimu wake, niliyemwona kila asubuhi akiimba mstarini, sikuuliza, na baadaye nilipohama nilikuwa sijui. Nilipeleka salamu kijijini kwa mtu aendaye huko. Bado sijaletewa jibu.

Jumamosi iliyopita mvua ya vuli ilikuwa imenyesha, baraza likalowa, wakaja watatu tu. Waliandika ndani, wamelala kifudifudi juu ya mkeka. Mdogo wao, ambaye ndiyo kwanza yuko darasa la tatu, alimaliza mapema, akakikunja kijikaratasi chake mara nne, akanipa kwa mikono miwili, kisha akasimama mlangoni, mguu mmoja nje, kama mtu aliye tayari kukimbia. Nikavaa miwani. Ilikuwa mistari sita, na neno mbwa limeandikwa kwa namna tatu tofauti. Mbwa wa jirani alikuwa amefungwa tangu alipozaliwa. Siku moja kamba ikaoza kwa mvua, akawa huru, akatembea mpaka mwisho wa mtaa, akakaa.

Nikaisoma mara ya pili. Kahawa yangu ilikwisha kupoa.

“Mwanangu,” nikamwambia, “alipokaa pale mwisho wa mtaa, alikuwa anatazama wapi?”

Akaurudisha mguu ndani. Alifikiri kwa muda mrefu, ameukaza mdomo, anaitazama mvua iliyokuwa ikidondoka kutoka ukingoni mwa bati.

“Sijui bado, Bibi,” akasema, akanyoosha mkono apewe karatasi yake.